Vizibo Vitatu vya Chumba cha Boila

MAELEZO YA NYONGEZA YA SHAHIDI

Kuhusu: mlipuko katika chumba cha boila, kiwanda cha kufulia mashuka, tarehe 14 mwezi huu
Majina ya shahidi: kama yalivyo kwenye maelezo yake ya kwanza
Jina la utani: shahidi amesema atalitaja likifika mahali pake
Umri: miaka 57
Kazi: mwendesha boila, mwaka wa ishirini na mbili kazini
Makazi: nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda, mlango wa nne
Uhusiano na majeruhi: shemeji, shahidi amemwoa dada wa majeruhi
Yameandikwa: chumba namba 3, tarehe 19, kuanzia saa 4:20 asubuhi

Mimi ndiye niliyeandikisha maelezo hapa tarehe 14 saa kumi na moja jioni. Siku ile nilisema maneno machache, na katika machache hayo moja lilikuwa la uongo. Leo nimekuja kwa miguu yangu. Sijaitwa wala sijakamatwa, ingawa mke wangu amekaa kwenye benchi hapo nje na hana dalili ya kuondoka.

Afisa amenionya kwamba nitakayosema yanaweza kutumika dhidi yangu. Nimeelewa. Nimemwomba aandike kama ninavyosema, asifupishe habari ya boila, kwa sababu asiyeielewa boila hawezi kuelewa kosa lilikuwa wapi. Amekubali, amesema leo ni Jumapili na kituo kimetulia.

Watu wakisikia boila hufikiria mvuke na king'ora. Yetu haitoi mvuke. Kazi yake ni kupasha maji yafike nyuzi themanini na tano, yasizidi, na kuyapeleka kwenye tangi la maji moto, kutoka hapo yanaenda kwenye mashine za kufulia. Tunafua mashuka ya hospitali, na shuka la hospitali ukilifua kwa maji baridi umelilowesha tu. Kwa umbo ni pipa kubwa la chuma lililolazwa, watu wawili wanaweza kulala juu yake kichwa kwa miguu. Ndani yake kuna chumba cha moto, na maji yanauzunguka moto huo pande zote. Kwa mbele kuna mlango mzito wa chuma, na kwenye mlango kimefungwa kichomeo.

Kichomeo kinafanya mambo manne. Kwanza feni inapuliza hewa kusafisha chumba. Pili sindano mbili zinatoa cheche. Tatu dizeli inapita kwenye nozeli, ambayo ina tundu dogo kuliko tundu la sindano ya cherehani, inatoka kama ukungu na kushika moto. La nne ni jicho. Jicho ni kioo kidogo kama kifungo cha shati, kinachungulia ndani. Kikiona mwanga, moto unaendelea. Kisipoona mwanga kwa sekunde tano, kinafunga dizeli, kila kitu kinasimama na taa nyekundu inawaka. Hapo tunasema boila imegoma. Haitajaribu tena mpaka mtu abonyeze kitufe kilicho chini ya ile taa.

Kitufe hicho mtu yeyote anaweza kukibonyeza, hata mpishi. Shida ni kwamba kila ukibonyeza, dizeli inapulizwa tena kwa zile sekunde tano. Isipowaka, inaangukia kwenye matofali ya chumba cha moto, na matofali yale yana kiu, yanainywa. Feni hufukuza moshi, haifukuzi mafuta yaliyokwisha kunywewa. Ukibonyeza tena unaongeza juu ya yale yale. Siku cheche ikikubali, yote yanawaka kwa mpigo mmoja na mlango unatafuta pa kwenda. Kwa hiyo sheria yetu ni kubonyeza mara mbili tu. Ikigoma mara ya pili unafunga koki ya dizeli, unamwita fundi, anafungua mlango, anakausha ndani kwa matambara, kisha anatafuta ugonjwa uko wapi.

Sisi waendesha boila tuko wawili, mimi zamu ya asubuhi na shemeji yangu zamu ya mchana. Kila mmoja akisema ana mara mbili zake, hizo ni nne, na kila mtu anajiona hana kosa. Mzee aliyetufundisha kazi, tuliyemwita Mwalimu, alilitafutia dawa jambo hilo kabla ya kustaafu. Juu ya kisanduku cha umeme alipigilia rafu ya bati, ndogo kama kiganja. Chini yake akaweka kopo la maziwa ya unga lenye vizibo vya chupa. Ukibonyeza na moto usiwake, unachukua kizibo kimoja kwenye kopo unakiweka kwenye rafu. Ukikuta viwili kwenye rafu, mikono nyuma, ita fundi. Fundi akishakausha chumba, ni yeye anayevirudisha koponi. Mwingine yeyote haruhusiwi kuvigusa.

Tuna daftari pia. Lakini Mwalimu hakuliamini, alisema kwenye daftari mtu huandika baadaye, akishatafuta maneno, wakati kizibo unakiweka hapo hapo taa ikiwa bado nyekundu. Kila alipotukumbusha alimalizia kwa kusema mficha maradhi kilio humuumbua. Tulikuwa tunacheka, tukimwona mzee anayependa kusikia sauti yake.

Nimeulizwa kama vizibo hivyo ni vya bia. Ni vya soda. Chumba cha wapiga pasi kina joto kali, wanakunywa soda kutwa, na sisi tunaokota vizibo. Afisa amenionyesha kopo lililochukuliwa kama kielelezo, na ninalitambua. Najua imeandikwa kwamba chumba cha boila kilikuwa kilabu, na kwamba majeruhi alipokuwa anapelekwa hospitali alikuwa akirudia maneno ya kilevi kuhusu vizibo. Shemeji yangu hanywi pombe. Aliwahi kujaribu mara moja tu, kwenye harusi yangu na dada yake, akalala kabla chakula hakijapakuliwa, na picha yake ipo.

Sasa nieleze tulivyokuwa mimi na yeye, kwa sababu bila hilo kosa langu halielezeki.

Shemeji ana miaka arobaini na moja. Kazi hii nilimtafutia mimi, miaka tisa iliyopita, na mambo mengi alijifunza kwangu kuliko kwa Mwalimu. Nilimfundisha kuisikiliza boila kabla ya kuitazama. Tulikuwa tunakula pamoja kila Jumapili, yeye akinitania mimi nikimtania, na mke wangu akituambia tunyamaze wote wawili.

Miezi minane iliyopita nilisafisha chujio la dizeli nikasahau kufungua koki. Boila ikagoma mara mbili. Niliweka vizibo viwili kama sheria inavyotaka, nikampigia fundi. Fundi alikuja kutoka mjini na mkoba wake mzito, akauweka chini, akatazama, akaishika koki kwa vidole viwili akaizungusha. Akabonyeza, moto ukawaka. Akabeba mkoba wake akaondoka bila kuufungua.

Shemeji alikuwepo. Jioni ile alikwenda kulisimulia jambo hilo kwenye chumba cha pasi, kwa vitendo, mkoba ulivyowekwa chini na vidole vilivyonyooshwa. Wapiga pasi ni watu arobaini na wawili na hawana redio. Kesho yake nikaitwa Vidole Viwili. Hilo ndilo jina la utani, afisa anaweza kuliandika pale juu. Getini mlinzi ananinyooshea vidole viwili badala ya kunisalimu. Wanawake watu wazima, wenye wajukuu, wananiuliza kama vidole vimeamka salama.

Shemeji alisema ni utani tu wa mashemeji. Nami nilijua ni utani. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na moja kwenye ile kazi bila doa, na jina hilo likawa ndilo pekee watu walilolijua juu yangu. Nikaacha kumsemesha. Mwanzo nilidhani itakuwa wiki moja. Ikawa miezi minane. Alipokuja nyumbani nilitoka. Mke wangu akawa anabeba salamu za kaka yake na kunifikishia, nami sijibu, kesho analeta nyingine. Kwenye kubadilishana zamu tulipishana mlangoni kama watu wanaopishana sokoni.

Kwenye rafu tu ndipo tuliendelea kusemezana. Katika miezi hiyo minane nilikuta kizibo chake mara tatu, naye alikuta changu mara mbili. Kizibo kimoja maana yake ni iligoma kwenye zamu yangu, kuwa macho. Sikuwahi kukidharau kizibo chake, na nina hakika hakuwahi kukidharau changu.

Mnamo tarehe 14, siku ya Jumanne, niliingia zamu saa kumi na mbili asubuhi. Boila ilifanya kazi vizuri mpaka saa sita na nusu mchana, ambapo mashine husimama kwa ajili ya chakula. Kila Jumanne saa hiyo nazima kichomeo na kukisafisha. Nilitoa nozeli nikaiosha kwa dizeli safi, nikafuta jicho kwa kitambaa laini, nikazifuta zile sindano mbili za cheche. Moja ya sindano imekaa ndani ya kigae cheupe kama kikombe. Wakati naikaza nilisikia mlio mdogo, tik. Nilitazama sikuona kitu. Nikarudisha kila kitu mahali pake.

Saa saba na dakika tano niliiwasha. Feni ilizunguka, moto haukuwaka, taa nyekundu. Saa saba na dakika nane nikabonyeza. Haikuwaka, nikaweka kizibo. Saa saba na robo nikabonyeza tena. Haikuwaka, nikaweka cha pili. Hapo ndipo nilipotakiwa kufunga koki na kumpigia fundi.

Sikumpigia. Nilijua fundi akifika swali la kwanza ni nani amesafisha leo, na ni mimi. Nilimwona tayari anaweka mkoba chini na kugusa kitu kimoja kidogo, na moto unawaka. Nikajiambia safari hii wataniita Kidole Kimoja. Nilikagua koki, ilikuwa wazi. Nilikagua chujio, lilikuwa safi. Nilikaa kwenye stuli nikivitazama vile vizibo viwili, na saa saba na dakika arobaini nilibonyeza mara ya tatu. Haikuwaka. Nikaweka cha tatu. Nimeulizwa kwa nini nilikiweka na hali nimeshavunja sheria. Mkono ulikiweka wenyewe, kwa mazoea.

Wakati huo hakuna mtu aliyejua, kwa sababu tangi la maji moto lilikuwa na akiba. Geji ilisoma nyuzi sabini na mbili, na mashine zilikuwa zinafua kama kawaida.

Saa nane kasoro dakika tano nilisikia viatu vya shemeji kwenye korido. Viatu vyake vina vyuma kwenye kisigino, huwezi kukosea. Nilivikusanya vizibo vyote vitatu nikavitia kwenye mfuko wa kulia wa ovaroli. Taa ilikuwa bado nyekundu, lakini taa nyekundu bila kizibo kwetu maana yake ni imegoma sasa hivi, haijabonyezwa hata mara moja.

Afisa ameniuliza nilikuwa na nia gani. Sikuwa na nia ya kumdhuru, naapa. Niliona aibu, basi. Nilijiambia nitampigia fundi nikishatoka nje, aje kimya kimya. Kwenye daftari niliandika, "Zamu shwari." Shemeji aliingia, hatukusalimiana. Alitundika koti lake kwenye msumari. Kisha nilimwona akitazama rafu. Aliitazama vizuri, kama mtu anayesoma. Nilipita mgongoni mwake nikatoka.

Nilikwenda kwenye kibanda cha chai ng'ambo ya barabara, nikaagiza chai, nikatoa simu. Namba ya fundi ilikuwa mbele yangu. Ndipo likanijia wazo ambalo sikulisema kwenye maelezo ya kwanza, na nisingependa kulisema hata leo. Nilifikiri hivi: shemeji akibonyeza mara mbili ikagoma, atamwita fundi yeye. Kitakachoonekana kitaonekana kwenye zamu yake. Nikairudisha simu mfukoni, mfuko ule ule wenye vizibo, nikanywa chai. Nilijua matofali yameshakunywa mara nne, ukihesabu ile ya kuwasha. Nilijiambia Mwalimu aliacha nafasi, kwamba kati ya mbili na hatari lazima kuna nafasi kubwa. Mwalimu hakuwahi kusema hivyo.

Saa nane na dakika kumi na nne nilisikia mshindo. Ulikuwa mzito na mfupi, kama mlango wa ghala ukibamizwa na upepo. Bomba la moshi lilitoa donge moja jeusi. Niliacha chai nikakimbia.

Mlango wa boila ulikuwa wazi, boliti mbili zimekatika. Maji hayakuvuja, pipa lenyewe lilikuwa zima. Dizeli ilikuwa bado inadondoka inawaka chini, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kuifunga koki. Niliifunga kwa vidole viwili. Nalisema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Shemeji alikuwa amekaa sakafuni ameegemea ukuta, mikono ameinyoosha mbele. Alikuwa ameinama kwenye tundu la kutazamia moto wakati ulipowaka. Nyusi hazikuwepo, macho ameyafumba. Nilivuta mpira wa maji kutoka kwenye mashine nikammwagia mikononi na usoni, muda mrefu, bila kuacha, kisha nikamfunika kwa shuka lililolowa.

Hakujua ni nani anayemmwagia. Feni ilikuwa bado inavuma na watu walikuwa wanapiga kelele mlangoni. Alisema, "Rafu ilikuwa tupu." Akarudia, "Hakukuwa na kizibo hata kimoja, niliangalia." Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuweza kumjibu kwa kunong'ona. Nilinyamaza. Nilikuwa na mazoea ya miezi minane ya kunyamaza, na siku ile yalinifaa.

Nilipoinua macho niliona kizibo kimoja kwenye rafu. Hicho kilikuwa chake. Alibonyeza mara ya kwanza ikagoma, akaweka kizibo, akabonyeza mara ya pili kama anavyoruhusiwa. Hakuvunja sheria yoyote.

Jioni ile nilikuja hapa nikasema, "Nilikabidhi zamu boila ikiwa shwari." Hilo ndilo neno la uongo.

Siku mbili baadaye mkaguzi wa boila alifungua kichomeo. Alikuta kigae cha sindano kina ufa, cheche ilikuwa inavujia pembeni, inakuja na kupotea. Ni ule mlio nilioupuuza. Alikagua pia matofali, akasema mafuta yaliyowaka ni ya majaribio yasiyopungua manne yaliyoshindwa. Kwa kuwa mimi nilisema niliacha shwari, ikaandikwa kwamba shemeji ndiye aliyebonyeza mara zote hizo, akiwa amelewa. Mkaguzi hakukosea hesabu, alidanganywa juu ya mtu. Meneja alimwandikia barua ya kumsimamisha na kuomba leseni yake ifutwe, na tukaambiwa kwamba akitoka hospitali atapelekwa mahakamani kwa uzembe. Barua hiyo alisomewa na nesi, kwa sababu macho yalikuwa yamefungwa.

Mnamo tarehe 17 saa kumi jioni nilimsindikiza mke wangu kumwona. Sikuingia wodini, nilisimama mlangoni. Mikono yote miwili imefungwa mpaka viwiko, macho yamefungwa. Shuka alilofunikwa lilikuwa na muhuri wetu pembeni, la wiki hii, kwa sababu halikuwa jeupe sawasawa. Tangu siku ile tunafua kwa maji baridi. Mke wangu alimlisha uji kwa kijiko.

Shemeji alimwambia dada yake, "Nikiamka najiuliza hilo hilo la rafu. Labda vilikuwepo nikavipita macho."

Dada yake akasema, "Si ulisema uliangalia?"

Akasema, "Niliangalia. Lakini mafuta ya mara nne yametoka wapi? Na mumeo tumenuniana, ndiyo, lakini kwenye rafu hajawahi kunificha. Akiweka ameweka. Kwa hiyo mwenye kosa ni mimi, dada. Macho yangu ndiyo yaliyokosea, na ndiyo yaliyoungua."

Nilitoka nikaenda kusimama kwenye dirisha la korido mpaka mke wangu alipotoka. Njiani aliniuliza kama naumwa. Nilisema nimechoka.

Jana tarehe 18, saa kumi na mbili jioni, nilikuwa nimekaa mezani. Mke wangu alikuwa uani anafua ovaroli yangu, ambayo nilikuwa nimeificha nyuma ya kabati tangu Jumanne, naye akaiona. Aliingia na mikono yenye povu, akaniwekea chai. Kando ya kikombe akaweka vizibo vitatu, kimoja kimoja, kwa kuvipanga. Yeye ni mke wa mtu wa boila na dada wa mtu wa boila. Anajua rafu ni nini.

Alisema, "Vitatu." Kisha akasema, "Kunywa chai, itapoa."

Alirudi uani akamalizia kufua, akaianika ovaroli, akaingia ndani akalala. Nilimwita mara mbili hakuitika. Nilikuwa sijawahi kujua kunyamaziwa kukoje, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nanyamazia watu.

Leo saa moja na nusu asubuhi tulikwenda hospitali. Mke wangu alibaki kwenye korido, safari hii niliingia mimi. Nilivuta stuli nikakaa. Nilisema, "Shemeji, ni mimi."

Aligeuza uso upande wangu. Nilimwambia yote, tangu kigae mpaka kibanda cha chai, hata lile wazo. Sikulia na sikuomba msamaha, kwa sababu niliona nikianza kuomba msamaha itabidi yeye anitulize, na hiyo isingekuwa haki.

Nilipomaliza akauliza, "Vilikuwa vingapi?"

Nikasema, "Vitatu."

"Na changu kimoja."

"Na chako kimoja."

"Kwa hiyo nilipoingia rafu ilikuwa tupu kweli."

"Ilikuwa tupu. Nilikuona ukiitazama."

Alishusha pumzi. Akasema, "Basi sikuona vibaya." Akarudia tena, polepole, "Sikuona vibaya." Halafu akaanza kulia, na kulia kwa mtu aliyefungwa macho ni taabu, bandeji inalowa na haruhusiwi kuigusa. Nesi alikuja akaniambia nitoke.

Nilipofika mlangoni shemeji aliniita. Hakuniita Vidole Viwili, wala hakuniita shemeji. Aliniita kwa jina langu, ambalo sikumbuki kama aliwahi kulitumia. Akasema, "Nenda kawaandikishie. Waambie nilibonyeza mara mbili, na nilitazama kwanza."

Kwa hiyo nasema: alibonyeza mara mbili, na alitazama kwanza. Mara nyingine zote nilibonyeza mimi, na vizibo vya mara hizo niliviondoa mimi. Daktari amesema jicho la kushoto litaona, la kulia bado hajui. Sijui kati yetu kutakuwaje, na si kazi ya kituo hiki kunijibu.

Nimevileta vizibo vitatu, hivi hapa mezani. Sina la kuondoa katika niliyosema, na la kuongeza ndilo hili nililoleta mkononi. Nimesomewa maelezo yangu kwa sauti, nimeyasikia ni yangu, ninayatia sahihi kwa hiari yangu.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)
Tarehe 19, saa 6:05 mchana

MAELEZO YA AFISA

Nimeyaandika maelezo haya mwenyewe na kumsomea shahidi. Aliomba sahihisho moja, kwamba palipoandikwa "vilipotea" paandikwe "niliviondoa". Nimesahihisha na ametia sahihi pembeni. Ameelezwa kwamba kuanzia sasa hahesabiwi kuwa shahidi tu, naye amesema ndivyo alivyotarajia. Ameruhusiwa kwenda kumwarifu mkewe aliyeko kwenye benchi na kurudi. Alirudi baada ya dakika nne.

Maneno kuhusu ulevi wa majeruhi, ukurasa wa pili wa jalada, yamewekewa alama ili yafutwe.

Vizibo vitatu vimepokelewa kama kielelezo. Nilipotaka kuvitia kwenye bahasha moja na kile kimoja kilichokutwa kwenye rafu siku ya tukio, shahidi aliomba kile kimoja kisichanganywe na vyake. Ombi halina uzito wa kisheria. Nimetumia bahasha mbili.

Sajenti wa zamu, chumba namba 3